Mchanga Uliouzwa Mara Mbili

Elfu ishirini na moja, mia nne na hamsini. Nimezihesabu mara mbili, na mara zote mbili zimeniuma mahali pale pale. Hizo ndizo pesa zilizonitoka tangu nilipofunga mlango wa nyumba Migori hadi nilipoufungua tena siku ya nne, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, eti tumeenda kisiwani kupumzika kama watu wenye nafasi zao. Humo mna nauli, mna boti, mna chumba, mna chakula. Na mna kitu kinachoitwa ada ya ufuo, shilingi elfu tatu, ambacho nitakieleza polepole kwa sababu sijakisamehe.

Lakini kwanza mjue kilichonipeleka, maana mimi si mtu wa kutembea ovyo. Ninauza viatu vya mitumba sokoni, na nikifunga kibanda siku moja, mteja anaonja kwa jirani na anaweza kuzoea. Mume wangu ni mlinzi katika shamba la maua huko Naivasha. Anakuja nyumbani mara tatu kwa mwaka, na kila akija anakuta ndugu zake wamejipanga mlangoni, kila mmoja na shida yake mkononi. Binti yetu wa miaka saba anamfahamu baba yake vizuri, hata anamwagiza vitu. Shida ilikuwa kwa mvulana, wa miaka mitatu na nusu. Huyo alikuwa akimwita baba yake "anko".

Si kwa utani. Kwake yeye, mwanamume akiingia nyumbani na begi, akatoa mkate, akakaa siku chache halafu akaondoka, huyo ni anko. Tunao wengi wa namna hiyo. Mara ya mwisho mume wangu alipojaribu kumbeba, mtoto alininyooshea mikono akasema kwa adabu kabisa, "Mama, ambia anko aniweke chini." Hakulia, hakupiga teke. Ile adabu ndiyo ilimmaliza mume wangu. Alicheka, akamweka chini, akatoka nje kumwangalia ng'ombe wa jirani kwa muda mrefu kuliko ng'ombe anavyohitaji kuangaliwa.

Kwa hiyo alipopata likizo ya siku tisa, nilisema safari hii hapana. Tutampeleka huyu mtoto mahali pasipo na shangazi, pasipo na televisheni, pasipo na goti lingine la kukalia. Kuwe na mchanga, maji, na huyo mwanamume. Watoto wangu walikuwa hawajawahi kukanyaga ufuo. Wachimbe naye mashimo mpaka wamzoee.

Mwenye nyumba za wageni nilimpata kwa simu. Alikuwa na sauti laini, ya mtu aliyezoea kusifu bidhaa yake mwenyewe. Alitaka elfu sita kwa usiku mmoja.

"Elfu sita?" nikamwuliza. "Ninalala, ama ninanunua kitanda?"

"Nyar Migori," akasema, yaani binti wa Migori, kama aliyenijua tangu ubatizo, "hii ni bichi. Ukifungua mlango, mchanga. Ukinyoosha mguu, maji."

"Mguu hata hapa Migori ninanyoosha, na silipishwi."

Tuliendelea hivyo mpaka salio langu likakaribia kuisha. Alishuka hadi elfu tano, nikakohoa. Akashuka hadi elfu nne, nikamwambia kuna kisiwa kingine kimenipigia. Mara akasema, "Sawa, elfu tatu kwa usiku, chai ya asubuhi juu yangu. Lakini mje wiki hii. Msingoje mwezi uwe mkubwa."

Nusu ya bei! Nilikata simu kabla hajapata fahamu. Nilitembea sokoni siku nzima na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Sasa sikilizeni: katika biashara yangu, mtu akikushushia bei hadi nusu bila kulia, unageuza kiatu unaangalia soli. Hilo ninawafundisha wasichana wote wanaoanza kazi karibu nami. Soli ya kile kisiwa sikuigeuza.

Tulipitia Homa Bay mpaka Mbita, tukapanda boti. Mvulana alinikalia njia nzima mpaka mkono wangu wa kushoto ukafa ganzi. Baba yake alisema, "Mlete nikusaidie," mtoto akaufinya uso wake shingoni mwangu. Basi mume wangu alibeba begi. Begi angalau halikukataa.

Tulifika alasiri, jua likiwa limeanza kulegea, na lazima niseme ukweli: ufuo ulikuwa mzuri. Mchanga mweupe, mlaini, mtupu, umefagiliwa hadi majini. Watoto walitupa viatu hata kabla sijaweka mzigo chini. Mwenye nyumba alitokea akiwa amevaa kofia pana ya majani, akatukaribisha, kisha akaniambia kuna ada kidogo ya ufuo, elfu tatu kwa familia. Nilimwuliza mbona hakuitaja kwa simu. Akasema kwa simu tulikuwa tunaongea habari ya chumba. Niliangalia watoto wanavyogaagaa pale kwenye mchanga. Ningewaambia nini, wauteme? Nikalipa. Nilishindwa kupunguza hata shilingi, na hilo peke yake lingetosha kuniharibia usiku.

Jioni ile mume wangu alichimba shimo kubwa, akalizungushia ukuta, akachora na lango. Mvulana alikuja, akasimama, akalikagua. "Ni zuri, anko," akasema. Halafu akaenda kuchimba lake mbali kule, kando ya dada yake. Nikamwambia mume wangu, kesho. Siku mbili nzima bado ziko.

Kesho yake binti yetu ndiye aliyefungua mlango. Nikamsikia akipiga kelele, "Mama! Mama! Wameezeka ufuo!"

Nilitoka. Mtoto hakusema uongo. Kuanzia ngazi za mlango wetu mpaka karibu na maji, kushoto mpaka kwenye mawe na kulia mpaka kwenye mikuyu, mchanga ulikuwa umefunikwa kwa kitu kinachong'aa kama mabati mapya. Ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani. Neti kuukuu zilikuwa zimetandazwa moja baada ya nyingine, na juu yake omena mbichi ya usiku uliopita, na wanawake wapatao sita wanaipanga kwa mikono, wameinama, wanapiga soga. Harufu sina haja ya kuieleza. Mwenye pua anaijua.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mimi omena ninaijua. Tunaila mara mbili kwa wiki. Ninajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia, inapanda, kwa sababu omena huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiangaza haizifuati taa. Wiki ya giza ndipo ninanunua ya kutosha mwezi mzima, huku nikiwacheka wenzangu wasiojua kungoja. Miaka yote hiyo nimejua kwamba wiki ya giza omena inajaa Migori, na sikuwahi kujiuliza hata siku moja kwamba kabla haijafika kwangu inaanikwa wapi. Sasa nilijua. Inaanikwa mlangoni pangu.

Mwenye nyumba nilimkuta nyuma ya jikoni na kikombe chake cha chai.

"Mchanga wangu uko wapi?" nikamwuliza.

"Uko chini ya omena, mama."

"Nimekulipa elfu tatu ya ufuo."

"Na ufuo si ndio huo? Nilisema ukifungua mlango utaona mchanga."

"Nimefungua nimeona samaki."

"Jioni wanaondolewa."

"Kwa hiyo watoto wangu wacheze gizani kama wavuvi?"

Alipuliza chai yake, akanywa, akaifurahia. "Nyar Migori, wewe si ndiye ulitaka bei ya chini? Wiki hii ndiyo yenyewe. Ama ulidhani nimekupunguzia kwa sababu ya sauti yako?"

Mume wangu, aliyesimama nyuma yangu, alikohoa. Mpaka leo sijui kile kikohozi kilikuwa upande wa nani.

Nikawaendea wale wanawake. Mkubwa wao alikuwa mama mnene aliyevaa gambuti na kitambaa cha kanisa kichwani, wenzake wakimwita dani, yaani nyanya, ingawa hakuwa mzee wa kiasi hicho. Nilimwamkia kwa heshima, akaitikia bila kuinua mgongo.

"Dani," nikasema, "nilikuwa naomba hawa samaki wasogee kidogo."

"Wasogee waende wapi? Wamekufa."

Wenzake waliangua kicheko. Nilingoja kikaisha. "Huu mchanga nimeulipia," nikasema.

Hapo ndipo aliinua mgongo. "Hata sisi. Kila neti, kila siku, tunamlipa yule wa kofia. Wewe amekutoza ngapi?"

Nikamwambia. Akapiga mluzi. Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kijaluo, nao wakapiga mluzi mmoja baada ya mwingine.

Mimi nimeuza viatu miaka mingi na nimeona ujanja wa kila rangi. Nimeona soli iliyobandikwa kwa gundi ya asubuhi ikaachia saa sita. Nimeona nyufa zilizojazwa kiwi ya viatu mpaka ngozi ikarudi ujana. Lakini sijawahi kuona mtu akimuuzia mteja mmoja kiatu cha kushoto, akamuuzia mteja mwingine kiatu hicho hicho cha kushoto, halafu akawaambia wote wawili wakivae wakati mmoja. Nilisimama pale nikazihesabu zile neti, nikafika mwisho, nikarudi nikahesabu tena, na hasira ikaniongezeka kwa kila neti.

Ningempigia dani kelele, lakini nimpigie ya nini? Kilio chetu kilikuwa kimoja. Nikaamua kununua mchanga wangu mara ya pili, safari hii kwa mtu mwaminifu.

"Niachie kipande kidogo pale karibu na maji," nikamwambia. "Upana wa mikeka miwili."

"Na mimi nipate nini?"

"Unataka nini?"

Aliangalia watoto wangu waliosimama kwenye ngazi kama abiria walioachwa. "Ndege wananimaliza," akasema. "Hao wana miguu?"

Tukapatana. Kipande cha mchanga ni chetu, na watoto watafukuza ndege. Nikaongeza omena gorogoro mbili za kuondoka nazo. Akasema moja. Nikasema moja na nusu. Akasema moja, na watoto wasikanyage neti zangu. Nilijua nimefika ukutani, nikampa mkono.

Mume wangu alinisikiliza nilipomweleza makubaliano. "Sasa wewe," akasema, "umekuja likizo ama umefungua tawi?"

Fikirieni wenyewe. Nimefunga kibanda, nimelipa nauli, nimelipa chumba, nimelipa ufuo, ili watoto wangu waajiriwe.

Binti aliipenda kazi mara moja. Alipata fimbo, akajifanya msimamizi, akawa anawafokea yangeyange weupe kana kwamba wamechelewa kazini. Mvulana alipewa kifuniko cha sufuria na kijiti cha kukigonga. Baba yao alikalia kiti cha plastiki pembeni, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye hospitalini anayengoja kuitwa jina. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia pia. Alikuwa na siku moja na nusu zilizobaki.

Kisha akaja ndege mkubwa. Wanaoishi kando ya ziwa wamemzoea yule korongo mwenye upara na mfuko mwekundu shingoni, anayetembea kama mzee aliyenyimwa pensheni. Migori tunao wachache kwenye majaa, lakini mvulana wangu alikuwa hajawahi kumwona mmoja akimjia ana kwa ana, wakiwa kimo kimoja. Kifuniko kilianguka. Mtoto alipiga yowe akakimbia.

Sasa, mimi nilikuwa karibu. Hilo nataka lieleweke. Nilikuwa karibu kuliko baba yake. Siku ile nilipima kwa macho, na kesho yake, ufuo ukiwa bado mtupu, nikapima kwa miguu, na majibu yalikuwa yale yale. Kati ya mtoto na mimi palikuwa na mchanga mtupu. Kati yake na baba yake palikuwa na neti nzima ya omena. Nilikuwa nimeshainama na mikono nimeshafungua.

Alinipita. Alipita juu ya neti, omena ikiruka kila upande, dani akipiga kelele, "Neti yangu! Woi, neti yangu!" na akaenda kujibandika kwenye mguu wa baba yake, uso nyuma ya goti.

Mume wangu hakumgusa. Namsifu kwa hilo. Mtu mwingine angemnyakua akaharibu. Yeye alisimama tu, akamtazama yule korongo, akamtolea ile sauti ya getini ambayo nyumbani tumemkataza.

"Wewe! Simama hapo hapo! Unaenda wapi? Kitambulisho!"

Korongo alisimama. Akageuza kichwa.

"Nimesema kitambulisho! Umetumwa na nani? Huna? Basi rudi nyuma, rudi, rudi, hapa hakuna kuingia!"

Sijui ndege alielewa nini, lakini alijigeuza polepole, kwa dharau, akaondoka. Wale wanawake walikuwa wameacha kazi, wanashika mbavu. Mvulana alichungulia kutoka nyuma ya goti, akaangalia juu.

"Anko," akasema, "hana kitabulisho."

"Hana," mume wangu akasema. "Asiingie."

"Na yule?" Akaonyesha yangeyange.

"Kamuulize."

Mtoto akatoka, hatua mbili tatu, akirudi kuangalia kama ule mguu bado upo. "Wewe! Kitabulisho!" Yangeyange akaruka. Na hapo mambo yalibadilika. Kuanzia asubuhi ile mpaka tunaondoka, wale wawili walilinda. Walikuwa na geti lililochorwa mchangani. Walikuwa na zamu. Dani mwenyewe alizuiwa akipita na beseni, akaulizwa amebeba nini, akajieleza. Binti yetu aliyejiona mkubwa alipunguzwa cheo akawa msaidizi. Mimi nilipoenda kuwapelekea chai nilisimamishwa na mtoto niliyembeba tumboni, akaniuliza nimetumwa na nani.

"Mruhusu," mume wangu akamwambia. "Huyo tunamjua."

"Na begi lake?"

Nilikaguliwa. Mwanangu mwenyewe! Huku akikalia bega la baba yake, mikono imezunguka kichwa cha mwanamume kama kofia.

Siku ya kuondoka nilimwendea mwenye nyumba, nikamwambia anirudishie elfu tatu zangu. Nilimweleza kwa utaratibu. Mchanga aliokuwa ameshaupangisha hakuwa na haki ya kuupangisha tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Lakini mama, watoto wamecheza," akasema. "Nimewaona. Sijawahi kupata wageni waliotumia ufuo kama nyinyi."

"Wamecheza kwa kibali cha dani, si chako."

"Wamecheza wapi? Si kwa ufuo?"

Halafu, bila aibu, akatoa jambo lake. Shuka zetu zinanuka omena, kwa hiyo niongeze elfu moja ya kufua.

"Omena ya nani?" nikamwuliza.

"Ya kwenye miguu yenu."

"Ilifikaje kwa miguu yetu? Si kwa kukanyaga mchanga ulioniuzia?"

Hapo alivaa kofia yake. Ya kufua sikulipa hata ndururu. Lakini elfu tatu hakurudisha, na boti ilikuwa inaita. Alitusindikiza mpaka majini akiniambia nirudi mwezi ukiwa mkubwa, ufuo unakuwa safi kama kitanda cha hoteli, hakuna samaki, hakuna ndege, elfu sita tu kwa usiku. Dani ndiye aliyenipa haki yangu: gorogoro moja iliyojazwa mpaka kilima, na konzi moja juu ya kilima ambayo haikuwamo katika mapatano.

Siku mbili baadaye mume wangu alirudi Naivasha. Mpaka anapanda gari mtoto alikuwa akimwita anko, na aliagana naye vizuri, kwa saluti. Nilisikia uchungu. Nikajiambia basi, hizo ni pesa zimeenda, angalau saluti tumepata. Kesho yake jioni nilikuwa nikichagua omena ile ile ya dani, mtoto amekaa kando yangu, mara akauliza, "Baba ameenda kulinda wapi?"

Nikamwuliza, "Nani?" maana sikutaka kukosea.

"Baba. Wa kitabulisho."

Yaani mtu amekaa naye siku tisa, amembeba begani mpaka shati limeota madoa ya omena, halafu neno linakuja gari likishaondoka! Nilimpigia mume wangu simu saa ile ile, akiwa kazini. Nikamwambia alichosema mtoto.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena."

Likizo yake nyingine ni baada ya miezi minne. Mwenye nyumba, ukisoma haya, namba yangu unayo, na elfu tatu zangu ziko kwako. Nimetuma ujumbe mara mbili, na alama zinaonyesha umesoma mara zote mbili. Lakini nyinyi mnaolea watoto na waume wa likizo, ninyi ndio ninaowauliza. Mtoto wa umri huu hulishika neno kama hilo kwa muda gani bila kumwona mwenyewe? Miezi minne si mingi? Na ikifika, nichukue wiki ya mwezi mkubwa, mchanga safi, bei mara mbili, bila hata ndege mmoja wa kuulizwa kitambulisho, ama nirudi wiki ya giza nimlipe tena yule mtu ada ya mchanga nisioukanyaga? Nishaurini mapema, maana arbuni anaitaka kabla ya mwisho wa wiki.